Sindano ya MS Inapotoka Kwenye Friji

Stima ikipotea Kitengela mchana wa Februari, wengi huwazia nyama na maziwa. Anayeweka sindano za glatirama katika friji hiyo huwaza kama dawa yake bado itamfaa.

Katika ugonjwa wa MS, kinga ya mwili huugeukia utando unaozifunika neva za ubongo na uti wa mgongo na kuula. Mtu hufa ganzi, macho hufifia, miguu hulegea. Hakuna dawa ya kuumaliza, ila zipo za kupunguza mashambulizi, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliziingiza tatu katika orodha yake ya dawa muhimu: kladribini, rituksimabu na glatirama. Hii ya mwisho mgonjwa hujidunga mwenyewe chini ya ngozi, miligramu 20 kila siku au miligramu 40 mara tatu kwa wiki, akipisha angalau saa 48 kati ya sindano za miligramu 40. Kwa hiyo anayeitunza ni yeye na watu wa nyumbani kwake.

Mahali pake ni kwenye friji, nyuzi joto 2 hadi 8, ndani ya boksi lake kwa sababu mwanga huiharibu. Ikibidi, inaweza kukaa nje kwa muda usiozidi mwezi mmoja. Kiwango cha joto kinachoruhusiwa hutofautiana: baadhi ya watengenezaji husema mwisho nyuzi 25, wengine 30. Soma karatasi iliyo ndani ya boksi lako, kisha uandike juu ya boksi tarehe uliyoitoa. Nyumba yenye kivuli Kitengela huenda ikakidhi sharti hilo. Magadi, ambako joto hupita nyuzi 35, haikidhi, wala gari lililofungwa na kuachwa juani Namanga.

Ninachokiogopa kuliko joto ni barafu. Mtu akisikia stima itakatwa, huiwahisha dawa kwenye friza akidhani anaiokoa. Glatirama ikiganda imekwisha. Hata ikiyeyuka na kuonekana safi, haitumiki tena. Ukiitoa Nairobi kwa matatu, viringisha vipande vya barafu kwa taulo ili boksi lisiviguse.

Wapo watakaouliza mbona insulini huvumilia joto. Ni kweli. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliofuata hali ya joto ya kambi ya Dagahaley, huko Dadaab: insulini iliyokaa wiki nne katika joto lililopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu zake. Ni habari njema kwa wenye kisukari, lakini ilipimwa insulini, si glatirama. Usiazime kanuni ya jirani yako. Hata mtungi wa udongo wenye mchanga mbichi, ambao katika hewa kavu ya Kajiado hupoza vizuri, haufiki nyuzi 8. Siku ambazo dawa inakaa humo zihesabu kuwa siku za nje ya friji.

Siku ya kudunga, itoe dakika 20 mapema ipungue ubaridi yenyewe. Usiitie kwenye maji moto. Dawa yenye chembe, itupe. Badilisha mahali kila mara, tumbo, paja, nyonga, mkono, na usirudie palepale kabla ya wiki kupita, maana mafuta ya chini ya ngozi huweza kuliwa na kuacha shimo lisilofutika. Sindano iliyotumika itie katika mtungi mgumu wa plastiki wenye kifuniko, uipeleke hospitali ikateketezwe. Wanaokusanya takataka Kitengela wana mikono kama yako.

Baadhi ya watu, muda mfupi baada ya kudunga, hupata joto usoni, kifua kubana na moyo kwenda mbio, na kwa kawaida hali hiyo hupita upesi. Lakini Januari 2025 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliweka onyo lake kali kabisa: glatirama inaweza kuleta mzio wa kuua, hata kwa aliyeitumia miaka mingi. Dalili zikizidi badala ya kupungua, uso ukivimba au pumzi ikikata, usidunge nyingine. Tafuta gari uende hospitali iliyo karibu saa hiyohiyo, hasa kama boma lako liko mbali na barabara.