Bei ya shaba ya Likasi husomewa wapi?

Pale kiwandani Shituru shaba ilikuwa ikisafishwa tangu Likasi ilipokuwa ikiitwa Jadotville. Bei yake lakini hutoka London, kwenye soko la metali lililoanzishwa mwaka 1877. Hata mchimbaji aliyebeba gunia lake kwa mnunuzi, likapimwa kwa Metorex, kile kifaa cha kupimia madini, huambiwa kwamba leo London imeshuka. Simshangai basi kijana mwenye lisansi ya uchumi anayetafuta masta ya fedha ili awe treda.

Treda yupi, lakini? Kuna anayekaa mbele ya skrini ya benki, akinunua na kuuza sarafu, hisa na mikataba ya bei. Huko siku hizi wanataka mtu wa hesabu za uwezekano, takwimu na programu za kompyuta; masta iliyojaa uhasibu na uongozi wa kampuni haitamfikisha. Na kuna anayenunua shaba yenyewe, akaitafutia lori, meli, bima, mkopo na mteja. Huyo ndiye wa kampuni kama Glencore na Trafigura, na mtoto wa Likasi ana cha kumwambia.

Tuseme amenunua tani 25 hapa kwetu. Mzigo utakaa barabarani na baharini wiki nyingi. Bei ikishuka dola 200 kwa tani, dola 5,000 zimekwenda. Kwa hiyo siku ileile ya kununua, anauza London mkataba mmoja wa shaba, ambao ni tani 25 hasa. Bei ikianguka, anachopoteza kwenye mzigo anakipata kwenye mkataba. Ikipanda, hali inageuka, naye analala usingizi vilevile.

Kobalti, inayochimbwa kwetu pamoja na shaba, haina adabu hata kidogo. Mwaka 2018 tani moja ilikaribia dola 95,000. Mwaka uliofuata ilishuka hadi chini ya 35,000. Februari 2025 Kinshasa ikasimamisha usafirishaji wake nje, kisha Oktoba ikaweka viwango vya mgawo. Chuo kisichogusa mambo haya kinafundisha nusu ya kazi.

Chuo Kikuu cha Geneva kina masta ya biashara ya malighafi, na mwanafunzi hutakiwa awe amepata nafasi ya kujifunza kazi katika kampuni ya biashara hiyo. Sharti hilo huwafungia wengi nje, nami bado nalisifu: anayemaliza ameshaijua kazi. Kwetu Kongo hakuna soko la hisa. Anayependa skrini atazame Nairobi, ambako mikataba ya bei ilianza kuuzwa sokoni mwaka 2019. Kiingereza atakihitaji popote, Kifaransa peke yake hakitoshi.

Kabla ya kulipa hata dola moja, kiandikie chuo: wahitimu wa mwaka jana wanafanya kazi gani, na kampuni zipi? Wakikujibu kwa picha za majengo, tafuta kingine.