Kamange yuko herufi gani? Jinsi maktaba zinavyopanga majina

Msikilizaji, fungua simu yako utazame majina uliyohifadhi. Huenda mtu mmoja yumo mara tatu: "Ali Fundi", "Baba Asha" na "Ali wa Konde". Wewe unajua ni yule yule. Mgeni akiishika simu hiyo atahesabu watu watatu.

Maktaba nazo zina shida hiyo. Mshairi mkubwa wa Pemba wa karne ya 19 sote tunamwita Kamange, lakini jina lake ni Ali bin Said bin Rashid Jahadhmy. Maktaba moja ikimweka kwenye K, nyingine kwenye A na ya tatu kwenye J, msomaji atapata baadhi tu ya kazi zake na kudhani ndizo zote.

Ndiyo maana mwaka 1961 wakutubi wa nchi mbalimbali walikutana Paris, chini ya shirikisho lao la kimataifa, IFLA, wakakubaliana kanuni za kuorodhesha vitabu. Moja inatuhusu hasa: jina la mwandishi lipangwe kwa desturi ya nchi yake. Wazungu wengi hupangwa kwa jina la ukoo. Kwetu, Ali bin Said ni Ali. Said ni baba yake.

Zilipoingia kompyuta, kanuni hizo zilipitiwa upya. Wakutubi wa Afrika kusini mwa Sahara walikutana Pretoria mwaka 2007, na kanuni mpya zikatolewa mwaka 2009. Zinataka manufaa ya msomaji yatangulie. Huchaguliwa jina moja, kwa kawaida lile linalojulikana zaidi, na mengine yote hufungamanishwa nalo. Ukitafuta "Kamange" au "Jahadhmy", unafika pale pale.

Lakini orodha haiwezi kumtaja asiyeandikwa. Kamange ana bahati: mwaka 2011 kilichapishwa kitabu *Kale ya Washairi wa Pemba: Kamange na Sarahani*, kilichohaririwa na Abdilatif Abdalla. Tungo za wengine bado zimo vifuani mwa wazee wetu.

Basi ukimrikodi bibi au babu kwa simu, anza kwa kutaja jina lake, la baba yake na la babu yake, lakabu yake, kijiji na tarehe. Ukiliandika jina, tumia tahajia moja kila mara. Bila hayo, sauti itabaki, na mwenyewe atapotea.