Shilingi Haijui Mpaka wa Mji

Watu wengi hudhani ya kuwa fedha waitumiayo dukani ni jambo lao na mwenye duka tu. Sivyo. Kila shilingi ina safari yake, na kila ipitapo humpa mtu kazi.

Tutazame mji wa Thika. Karani anunuapo sukari na sabuni, mwenye duka huwalipa watumishi wake, kisha hupeleka fedha Nairobi kwa wauzaji wa jumla. Huko nako wako makuli na makarani walipwao mshahara, nao jioni hununua viazi vya Kinangop, maziwa ya Kiambu na samaki wa Ziwa Victoria. Hivyo fedha ya Thika imefika mashambani na ziwani.

Mwaka 1931 Mmarekani mmoja, William J. Reilly, alieleza kwamba mji wenye watu wengi huwavuta wanunuzi kwa nguvu kuliko mji mdogo, lakini nguvu hiyo hupungua upesi kadiri umbali unavyozidi. Basi safari ikiwa nyepesi, mji mkubwa huzidi kuvuta.

Barabara kuu ya Thika, yenye urefu wa kilomita 50 hivi, ilifunguliwa mwaka 2012. Faida yake ni dhahiri: mkulima hufikisha mboga Nairobi zingali mbichi. Lakini njia impelekayo mkulima kuuza ndiyo impelekayo karani kununua, na mwenye duka dogo huweza kubaki bila wateja.

Je, tusinunue kwa jirani? La, hasha. Miji hulishana. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa kuogopa sumu ya kuvu, malori yalikwama mpakani, hata zuio lilipoondolewa kwa masharti siku chache baadaye. Mlaji wa Nairobi akiacha kununua, mkulima wa mbali hukosa karo ya watoto.

Linalotupasa ni kupima. Kabla ya kwenda mji mkubwa kununua kitu, jumlisha bei, nauli na siku utakayoipoteza. Ikiwa hupati nafuu, nunua kwenu, ili fedha hiyo imzungukie fundi, mshonaji na muuza maziwa kabla ya kuondoka. Nanyi wakulima, uzeni pamoja katika vyama vya ushirika, kwani gari moja lililojaa hupunguza gharama ya kila gunia. Anayejua shilingi yake iendako ndiye ajuaye njia ya kuirudisha.