Uzi wa Chini Unapojisokota



Siku kumi kabla ya harusi ya binti yetu, cherehani ilinasa leso ya marehemu mama yetu. Wanawake wa nyumbani walikuwa wakimshonea bi harusi mfarishi wa vipande vya leso za nyanya na shangazi zake, pamba katikati na kitambaa cheupe chini. Mishono miwili ilipita salama. Katika wa tatu cherehani iliguna, ikakwama. Chini ya nguo nyuzi zilikuwa zimejisokota mithili ya usumba. Binti alitaka kuivuta kwa nguvu.

Bibi mmoja jirani yetu, aliyeshona tangu ujana wake, alimshika mkono. “Usivute, mwanangu, utaipasua.” Aliinua mguu wa cherehani, akazungusha gurudumu taratibu kwa mkono mpaka sindano ikafika juu kabisa, akaukata uzi wa juu. Kisha akainyanyua nguo kidogo na kuzikata nyuzi baina yake na bamba la chuma kwa ncha ya mkasi, moja baada ya moja, akatoa bobini na kuchomoa mabaki. Tulikwenda kuswali alasiri. Tuliporejea leso ilikuwa huru, ina tundu moja dogo.

Sote tuliilaumu bobini. Bibi alicheka. Fundo huonekana chini, alisema, lakini mara nyingi kosa liko juu. Uzi wa juu hupita baina ya visahani viwili vinavyoubana. Mguu wa cherehani ukiwa chini wakati wa kutunga uzi, visahani huwa vimefumba, na uzi hupita nje yake bila kubanwa. Sindano ikishaushusha, hakuna cha kuurudisha juu sawasawa. Hubaki chini ukijilimbikiza. Basi mguu uinuliwe kwanza, ndipo uzi utungwe upya tangu mwanzo.

Binti alikiri kuwa aliutunga mguu ukiwa chini. Akakiri na la pili: alianza kukanyaga bila kuzishika ncha za nyuzi. Nyuzi zote mbili zivutwe nyuma na kushikwa kwa mishono mitatu au minne ya mwanzo. Na wenye cherehani za kukanyaga wajihadhari, kwani gurudumu likianza kuzunguka kinyume, hata kwa nusu mzunguko, uzi hujifunga papo hapo. Wanafunzi wengi hukosea hapo.

Mfarishi una taabu yake zaidi ya kanzu au buibui. Ni mzito, na ukiachwa uning’inie mezani huivuta sindano ikapinda. Uwekewe meza au kiti cha kuubeba upande wa kushoto na nyuma. Sindano iwe mpya, namba 14 au 16. Pamba nayo huacha vumbi ndani ya kijumba cha bobini, lisafishwe kwa brashi ndogo kila bobini inapokwisha. Skurubu ya kijumba isiguswe ila baada ya hayo yote. Mwenye shaka nayo akining’inize kijumba kwa uzi wake: kikiteremka chenyewe, uzi umelegea, kikigoma hata kwa mtikiso mdogo, umekaza mno. Kisha ajaribu juu ya vitambaa vibovu vyenye tabaka tatu kama mfarishi wenyewe.

Kwa mama zetu na dada zetu wanaoshona kwa ujira, hapa pana jambo la dini. Mshono uliolegea chini huweza kupendeza juu, na mnunuzi asigundue mpaka mfarishi ufuliwe. Katika hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika rundo la chakula sokoni, vidole vyake vikakuta umajimaji chini ya kilichokauka. Muuzaji alitaja mvua kuwa sababu, wala hilo halikumwokoa na lawama, kwa kuwa alikificha. Sisi twaona mfarishi una hukumu ile ile. Mshono wenye ila ufumuliwe, au mnunuzi aonyeshwe upande wa chini kabla ya kutoa fedha.

Tundu la leso lilizibwa kwa kipande cha pindo lake lenyewe. Bibi alitaka kiraka kiwekwe upande wa miguuni kisionekane. Binti alikataa, akaomba kikae mchagoni.