Kutoka "Nitafanya" Hadi "Hufanya"

Sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili hukaa kitako siku nzima tukisoma na kusahihisha insha. Kila muhula twasema, "Nitaanza mazoezi," na muhula hupita. Lakini "-ta-" ni ahadi tu. Tunachohitaji ni "hu-", kiambishi cha mazoea.

Mazoea hujengwaje? Watafiti wa University College London walifuatilia watu 96 na kuchapisha matokeo mwaka 2010. Kila mmoja alifungamanisha tendo dogo na jambo la kila siku, mathalani kifungua kinywa. Tendo lilichukua kwa wastani siku 66 kuwa mazoea; makadirio yalikuwa kati ya siku 18 na 254. Kukosa siku moja hakukubomoa kilichojengwa.

Basi tusingoje hamu. Tutembee nusu saa kwa mwendo wa haraka mara tu baada ya kipindi cha mwisho, siku tano kwa wiki. Hizo ni dakika 150, kiwango cha chini kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima. Kukaa bila mazoezi huongeza hatari ya kisukari na shinikizo la damu. Tukikosa leo, turudi kesho: haba na haba hujaza kibaba.