Kishikwambi Mkononi mwa Mwalimu: Kinamfaa Nini Mtoto Darasani?

Tangu walimu wa shule za umma walipoanza kugawiwa vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022, swali moja limekuwa likirudi katika vikao vya wazazi: mbona mwanangu hajawahi kukigusa? Swali hili ni la haki na linastahili jibu lililo wazi. Kifaa kile alipewa mwalimu, wala si mwanafunzi. Ni zana yake ya kazi, kama lilivyo andalio la somo: hukitumia kusoma mihtasari, kuandaa vipindi, kutunza kumbukumbu na kufuatilia mafunzo kazini. Hata hivyo jibu hilo halimalizi shauri. Mzazi wa Endabash au wa Nainokanoka hajali sana kifaa ni cha nani. Anachotaka kujua ni kama mtoto wake anajifunza zaidi kwa sababu ya kifaa hicho.

Ninayeandika makala haya ni mwanachuo wa mwaka wa mwisho wa ualimu, niliyefanya mazoezi ya kufundisha katika shule ya msingi mojawapo wilayani Karatu. Chuoni tulifundishwa mengi kuhusu Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, yaani TEHAMA. Darasani nilikuta wanafunzi 70 na kishikwambi kimoja. Hesabu yake ni nyepesi: ukikipitisha mkono kwa mkono kwa kipindi kizima cha dakika 40, kila mtoto atakishika kwa sekunde 34 hivi. Hilo si somo, ni maonyesho ya sabasaba. Kwa hiyo swali la kwanza la mwalimu si namna ya kumpa kila mtoto kifaa, bali ni kazi gani kifaa kimoja kinaweza kuifanya ambayo ubao na chaki haviwezi.

Kazi ya kwanza haionekani darasani kabisa. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, nao umekuja na mihtasari na vitabu vipya. Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) huviweka vitabu hivyo katika Maktaba Mtandao yake, ambako mwalimu huvisoma bila malipo. Maana yake ni kwamba mwalimu aliyeko Kakesio anaweza kuandaa somo kwa kitabu kile kile anachokitumia mwenzake wa Arusha mjini, hata kama nakala za karatasi hazijamfikia. Mtoto haoni kishikwambi, lakini anafundishwa na mwalimu aliyejiandaa.

Hapo ndipo tunapokutana na mtandao, nao katika milima na mabonde yetu una tabia zake. Shule iliyo nyuma ya kilima hupata mawimbi ya simu chini ya mti mmoja tu, na watu wote wa kijiji wanaujua mti huo. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, hutoa ruzuku kwa kampuni za simu ili zijenge minara vijijini, na umekuwa ukipeleka kompyuta katika shule za umma pamoja na kuwapa walimu mafunzo. Lakini mwalimu mwenye busara haungoji mnara. Hupakua vitabu, picha na sauti anapokwenda mjini kwa shughuli zake, akavihifadhi na kuvitumia wiki nzima bila bando. Ziko pia programu zilizoundwa kwa mazingira haya. Mojawapo ni Kolibri, inayowekwa katika kompyuta moja na kugawa masomo kwa vifaa vilivyo karibu pasipo intaneti yoyote.

Umeme sitausemea sana, kwani kila mkazi anajua maana ya LUKU kuisha. Itoshe kusema kwamba shule yenye kompyuta kumi na isiyo na fungu la umeme ni shule yenye kabati kumi.

Wapo wanaodhani kwamba siku moja vifaa vitachukua nafasi ya mwalimu. Jambo hilo limekwisha kujaribiwa hapa nchini. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017, katika shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE, watoto karibu 3,000 wa vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili, ili wajifunze wenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu. Vilichajiwa kwa umeme wa jua vijijini humo humo. Kabla ya jaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu, na Mei 2019 tuzo ikagawanywa kati ya onebillion na Kitkit School. Matokeo hayo ni makubwa kwa watoto ambao wengi wao hawakuwahi kuingia shuleni. Lakini yasomwe yote: nusu nyingine walikaa na kifaa kwa mwaka na robo bila kujua kusoma neno. Kwa maoni yangu hao ndio hasa waliomhitaji mwalimu, mtu wa kuketi karibu nao na kuona wamekwama wapi.

Sasa nije kwenye kazi ya pili, ambayo mimi huipenda kuliko zote. Wilaya ya Ngorongoro ina mahali panapoitwa Laetoli, si mbali na Endulen. Mwaka 1978 watafiti wa kundi la Mary Leakey walikuta hapo nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya jivu la volkano lililolowa, miaka milioni 3.66 iliyopita. Dunia nzima husoma habari za nyayo hizo. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Profesa Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakachapisha habari za nyayo nyingine, zilizokutwa umbali wa meta 150 hivi kutoka zile za kwanza. Lakini nyayo za 1978 zilifukiwa tena ili zisiharibiwe na mvua na mizizi ya miti. Basi hata mtoto anayechunga mbuzi jirani na Laetoli hawezi kuziona kwa macho yake. Picha ndiyo njia iliyobaki.

Somo lilikwenda hivi. Niligawa darasa katika makundi saba. Kundi moja lilikuja mezani kuitazama picha, kuikuza na kuhesabu vidole. Mengine yalisoma kifungu na kuchora kutoka ubaoni, kisha yakapokezana. Baadaye tukatoka nje. Tulikuwa tumeomba majivu jikoni, tukayatandaza na kuyalowesha, na wanafunzi wakapita juu yake pekupeku, mmoja akitembea na mwingine akikimbia, kisha wakapima kwa rula urefu wa nyayo na nafasi baina ya hatua. Msichana mmoja akauliza kama anayekimbia hukanyaga zaidi kwa vidole. Wote wakainama kutazama. Kishikwambi wakati huo kilikuwa kimefungwa mezani.

Kwa sababu hiyo hiyo nasema yako masomo ambayo skrini huyaharibu. Mmomonyoko wa udongo usifundishwe kwa video ilhali korongo liko nyuma ya uwanja wa mpira. Kilimo cha umwagiliaji Mang'ola kina walimu wake kandokando ya kila mfereji wa vitunguu. Kumwonyesha mtoto wa huko picha ya mfereji wa nchi nyingine ni kumpotezea kipindi.

Sauti, kwa upande mwingine, naiona imedharauliwa. Watoto wengi wa wilaya hizi mbili huingia shuleni wakizungumza Kiiraqw, Kimaasai, Kibatemi, Kidatoga au Kihadza, na Kiswahili wanakikuta darasani. Hadithi fupi ya Kiswahili iliyorekodiwa, ikisikilizwa mara tatu huku wakifuata maneno kitabuni, huwafaa kuliko picha nyingi. Nayo haihitaji kila mtoto kuona skrini. Spika ndogo huwatosha 70. Mwanafunzi mwenye uoni hafifu naye hushiriki sawa na wenzake.

Liko jambo moja ambalo wazazi wana haki ya kulisimamia. Kifaa chenye kamera huchukua picha za watoto, na picha husafiri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inalinda taarifa za mtu, za mtoto zikiwemo. Picha ya mwanafunzi isisambazwe katika makundi ya WhatsApp bila ridhaa ya mzazi. Kamati ya shule inaweza kuliweka hili katika kumbukumbu za kikao, pamoja na maswali mengine ya kawaida: kifaa hulala wapi usiku, kikiharibika kinapelekwa kwa nani, na bando hulipwa kutoka fungu gani. Ikiwa wazazi watakubaliana kuchangia, mchango uwe wa hiari, wala asirudishwe nyumbani mtoto yeyote kwa kukosa fedha hiyo.

Limebaki suala la wanaokosa vipindi. Msimu wa vitunguu, na wakati wa kiangazi mifugo inapohamishwa, madawati hubaki wazi kwa majuma. Mtoto akirudi, wenzake wamekwisha kuvuka mada mbili au tatu, na mwalimu wa darasa kubwa hana nafasi ya kuanza upya. Kishikwambi kinaweza kurekodi maelezo ya mwalimu mwenyewe, dakika kumi kwa kila mada, ili aliyerudi ayasikilize pamoja na wenzake baada ya vipindi. Nitakapopangiwa kituo cha kazi, hilo ndilo la kwanza nitakalolijaribu, na kwa kamati ya shule nitaomba spika moja tu inayochajiwa kwa sola.