Visanamu vya udongo vya miaka ya 1950: huyu aliyeumbwa ni nani?



Wenzangu wananishangaa: Mswahili mzima, kazi yako kukusanya visanamu vya Wazungu? Hebu niwaeleze ni vitu gani, vinatambulikaje, na kwa nini naona vinatuhusu siye.

Baada ya vita vya 1939–45, viwanda vya Ulaya vilirudia mapambo ya nyumbani, lakini kwa mtindo mpya: maumbo marefu, mepesi, yasiyo na nakshi nyingi. Royal Dux ya Duchcov, Chekoslovakia, ilifinyanga wanyama na watu wa namna hiyo, baadhi wamebuniwa na Jaroslav Ježek, ambaye seti yake ya kahawa iitwayo Elka ilipata tuzo kuu kwenye maonyesho ya Brussels, 1958. Leningrad nako kiwanda cha Lomonosov kilitoa dubu na chui milia. Hao hadi leo utawakuta katika maduka ya hisani hapa London.

Ninalolitafuta mimi ni kundi jengine. Leopold Anzengruber wa Vienna, na kiwanda cha Cortendorf cha Coburg, Ujerumani Magharibi, walitengeneza wanawake wa Kiafrika: weusi wa makaa, shingo ndefu, nguo za rangi kali. Hivi hupatikana zaidi katika soko la vitu vya kale la Kempton Park, jirani zetu, linalofanyika Jumanne mbili kila mwezi. Uende alfajiri, ukichelewa wafanyabiashara washachukua vizuri vyote.

Ukikishika, kwanza kigeuze. Vingi hutengenezwa kwa kumimina uji wa udongo katika kalibu ya jasi. Jasi hunyonya maji, udongo hushika ukutani kama utando, na uji unaobaki humwagwa. Kwa hiyo ndani ni mtupu, na chini huachwa kitundu, manake hewa ikifungiwa humo ikapata moto wa joko, kitapasuka. Pili, soma chapa. Ikiwa imeandikwa “West Germany”, basi ni baina ya 1949 na 1990. Tatu, kigonge taratibu kwa ukucha. Kizima hulia, chenye ufa huwa na sauti iliyokufa. Shingo na mikono ndiko kunakovunjika, na rangi ya kuficha kiungo mara nyingi hujionyesha chini ya taa ya urujuanimno.

Sasa, tatizo liko hapa. Mwaka 1954 TANU inaundwa Dar es Salaam, na mwaka uliofuata Bibi Titi Mohamed anaongoza kina mama wake. Miaka hiyo hiyo Vienna anafinyangwa mwanamke wa Kiafrika asiye na jina, kabila wala mji, awe pambo la juu ya kabati. Na muuzaji wa leo bado anamwandikia “binti wa Kiafrika”, basi.

Kukusanya si ugeni kwetu. Wazee wa Lamu walijaza zidaka kwa sahani za nje, bakuli za Maastricht ziliuzwa Unguja karne ya 19, na makaburi ya Kunduchi yalipambwa kwa kaure ya Kichina. Lakini wao walichagua vyombo, si sanamu, na dini ilikuwa na sehemu yake katika uchaguzi huo.

Wako wanaoniambia nivivunje. Mimi naona ukivunja umefuta ushahidi. Vyangu haviko sebuleni kama mapambo, bali katika kabati la vioo, kila kimoja na karatasi: kiwanda, mji, miaka. Watoto wakiuliza ni nani huyu, jibu la kweli ni kwamba si mtu yeyote, ni jinsi tulivyodhaniwa.

Mwenye rai nyengine aitoe, tunasikiliza.

Wasalaam.